Mwekundu wa Mlangoni

Ndege alipoanguka, Faustina aliporomosha tusi ambalo hakuwa amelitamka tangu atoke mjini Lae, na hakujali kwamba mke wa katekista alikuwa akipita njiani na mzigo wa kuni. Mke wa katekista naye alijifanya kiziwi, akakaza mwendo.

Faustina alikuwa barazani akimenya magimbi. Alisikia kwanza uzi wa upinde, kutoka kwenye kichanja ambacho mdogo wake Oswald alikuwa amekifunga juu ya mti ulio jirani. Kisha akaona kitu chekundu kikiporomoka kutoka kwenye mti mrefu wa erima, kikigonga tawi hili na lile, hadi kwenye vichaka vya uani kwake. Kule juu, kwenye mlango wa shimo ambako kasuku yule mwekundu alikuwa akikaa tangu mvua zianze, pakabaki kiza kitupu.

Huku kwetu mti wa ndege una mwenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe. Erima ule ulikuwa wa baba yao, na nyumba aliijenga karibu nao makusudi, ili ajikalie barazani na popoo yake shavuni akiwatazama kasuku. Faustina aliporudi kutoka Lae, taya limepinda kwa ngumi za mume, mzee hakumuuliza lolote. Alimwonyesha tu pa kuweka mkoba wake. Faustina akamuuguza mpaka mwisho, na siku zile za mwisho mzee akasema mbele ya watu kwamba nyumba ni ya binti yake. Watu walisikia. Sasa mzee alikuwa kaburini ng'ambo ya ua, na waliosikia walikuwa wameanza kusahau, mmoja baada ya mwingine.

Oswald ndiye aliyewasaidia kusahau. Alikuwa na nyumba yake nzuri ya bati, hakukosa pa kulala. Alichokitaka kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cha gome la mti na kuning'inizwa chini ya paa la mzee: kilemba cha ukoo, cha manyoya mekundu ya kasuku, ambacho wanaume huvaa kwenye ngoma na vijana wa kiume huvishwa siku ya kutolewa jandoni. Anayelala chini ya kilemba ndiye msemaji wa ukoo. Kwa hiyo kikaitwa kikao, na kwenye kikao hicho cha kwanza Oswald akasimama kuzungumza habari za ndege.

"Tazameni kasuku wetu," alisema. "Mwekundu anakaa mlangoni mwa nyumba yake, amependeza, hana kazi. Wake zake wa kijani wanahangaika huko msituni, wanarudi, wanamlisha. Nyumba ya nani? Ya mwekundu. Ya mume. Ukoo wetu umejifunza hapo. Sasa mimi nishindwe na ndege?"

Wanaume walicheka na kuitikia kwa vichwa. Hata Faustina aliona kuna ukweli ndani yake, kwa sababu hadithi hiyo ndiyo aliyolelewa nayo. Baba yake mwenyewe alimsimulia akiwa bado mtoto wa kupakatwa: yule mwekundu ni mzee mwenye wake wengi, ndiyo maana tukihitaji manyoya tunampiga yeye, na wajane watapata mume mwingine, wa kijani hapigwi, yeye ndiye mwenye mayai. Mtu mmoja tu alikuwa amewahi kuikanusha, naye ni Delma, binti yake Oswald, mwalimu wa shule ya msingi. "Shangazi, yule mwekundu ndiye jike," alimwambia siku moja wakipalilia. Faustina alicheka mpaka akakaa chini. "Huko chuoni walikulisha nini, mwanangu?"

Kikao cha pili kilikuwa mchana wa leo. Na Oswald, kabla hata hajapewa nyumba, alikuwa ameshapanda kichanja na kupiga ndege mlangoni kwake.

Faustina aliacha magimbi, akashuka uani. Kasuku alikuwa amelala kifudifudi juu ya majani, mabawa wazi. Akamwokota. Alikuwa bado ana joto, na tumbo lake, chini ya yale manyoya ya buluu, lilikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Faustina amechinja kuku maisha yake yote. Kidole gumba kilijua kabla kichwa hakijakubali.

"Dada, mwache chini." Oswald alikuwa amefika ukingoni mwa ua, upinde mkononi, jasho linamtiririka. "Ndege wa kilemba haguswi na mwanamke. Unajua."

"Kaangukia kwangu."

"Kwako wapi? Tusianze. Mwache hapohapo, nitamchukua mwenyewe. Wazee wamchune leoleo."

"Kwa nini mwanamke asimguse, Oswald?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo. Mazao yataoza, mimba zitaharibika, sijui nini na nini. Kamuulize baba mdogo." Akanyoosha mkono. "Dada, sitaki fujo leo."

"Fujo umeianza wewe kule juu, na mshale wako."

Akamgeuzia mgongo, akaingia ndani na ndege wake, akapiga komeo. Oswald alizunguka nyumba mara kadhaa akitoa vitisho kupitia kila ufa wa ukuta. Mlango hakuuvunja, maana mwanamke alishamgusa ndege, na yeye aliogopa mwiko wake mwenyewe kuliko alivyompenda dada yake. Mwishowe akaenda kushtaki.

Faustina alimpasua ndege kwa kisu cha jikoni. Yai lilikuwa zima, jeupe, na ganda lake limekamilika. Lingetagwa kesho, labda hata leo. Alilishika kiganjani, na watu wasije wakasema alilionea huruma. Ilikuwa hasira. Miezi yote ile ndege yule amekaa mlangoni kwake kwa jua na mvua, amewafukuza wenzake, amelinda shimo lisiingiliwe, na siku ya kutaga anapigwa mshale kwa sababu eti yeye ni mume na atapatikana mwingine.

Wakati anaosha mikono alisikia sauti nje. Wale wa kijani walikuwa wamerudi. Kwa kawaida huwaoni mpaka watue mlangoni, maana wakiwa matawini ni majani matupu, na kipanga mwenyewe hupita juu yao bila kujua. Mmoja alitua kwenye mdomo wa shimo, koo limejaa matunda, akachungulia ndani. Akaita. Akazunguka upande wa pili akachungulia tena, kana kwamba shimo lingekuwa na mlango mwingine. Mwenzake akaja, naye akaita. Waume hao, alijiambia Faustina, na neno lilikuwa geni kinywani mwake. Waume watatu, wanne, wameleta chakula na mke hayupo.

Alikwenda kikaoni mapema, ndege ndani ya mkoba wa kamba, yai ndani ya kifuu cha nazi kilichotandikwa majani makavu. Njiani hasira ilimpungua kidogo. Alifikiri kwamba ukoo mzima umekosea tangu mababu, na mtu aliyekosea huonyeshwa. Alimwonea hata Oswald huruma, namna atakavyoaibika. Mimi ningekuwepo ningemwambia aitunze hasira yake, maana ataihitaji.

Kikao kilikuwa bandani kwa baba mdogo Embogo, mdogo wa marehemu baba yao, mzee wa mizaha ambaye meno yake yamekuwa mekundu kwa popoo. Wanaume walikaa kwenye mikeka. Wanawake walikaa nje ya banda, kwenye jua, na mbele yao alikuwa Serah, mke wa Oswald, mwanamke ambaye katika vikao vyote vya maisha yake hakuwahi kufungua mdomo. Delma alisimama nyuma ya mama yake.

Oswald alianza. Akaeleza jinsi dada yake alivyomnajisi ndege wa kilemba, na kijana wake anatolewa mwezi huu, na mtu asiyeheshimu miiko hawezi kulala chini ya kilemba. Alisema vizuri. Alikuwa amefanya mazoezi.

"Umesikia, mwanangu," alisema Embogo. "Una la kusema au tukale?"

Faustina alipita katikati ya mikeka, akaweka kifuu mbele ya mzee, na ndege kando yake, tumbo wazi.

"Yai hili limetoka humu," alisema. "Kwa mkono wangu. Mwekundu ni jike, baba mdogo. Mwenye shimo ni jike. Tumekosea siku zote."

Nje ya banda kukawa na mnong'ono. Wanawake walisogea wakanyoosha shingo, na vijana wawili watatu walisimama waone vizuri. Faustina akangoja wazee nao washtuke. Akamtazama Embogo, akamtazama aliyekaa kulia kwake na aliyekaa kushoto. Embogo alikuwa akichovya kijiti kwenye chokaa ya kutafunia popoo. Wa kulia alikuwa akitazama kucha zake. Oswald ndiye pekee aliyekuwa amebadilika uso, naye hakuwa akilitazama yai. Alikuwa akimtazama mke wake.

Hapo ndipo Faustina alipoelewa. Ndege wa kilemba huchunwa na wanaume, nyuma ya ua wa wanaume, mwanamke asisogee. Wangapi wamechunwa humo, na mayai mangapi yametolewa tumboni yakatupwa?

"Mlijua," alisema.

Embogo alitafuna, akatema pembeni. "Tulijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofikia umri wa kushika kisu. Baba yangu alinionyesha, akanipiga kofi nisisahau kunyamaza." Akatabasamu na yale meno. "Sasa mwanangu, ungetaka tuseme nini? Tuwaambie wanawake kwamba mwenye nyumba ni mke, na waume wanne ndio wanaomlisha? Nani angetubebea magimbi?"

Wanaume wakacheka. Walicheka kwa raha kabisa, kama watu waliotua mzigo. Faustina alisimama katikati ya kicheko hicho masikio yakimvuma.

"Na baba yangu?"

"Baba yako alichuna wengi kuliko mimi."

"Hata kama," Oswald alidakia, amepata nguvu. "Hata kama ni jike. Ndege wangapi humu msituni, na nani hujipamba? Dume. Dume hucheza, hujionyesha, jike huchagua. Huyu kasuku kapinda tu. Huwezi kujenga sheria ya watu juu ya ndege aliyepinda."

"Hajapinda, baba." Delma alikuwa amesogea hadi kwenye nguzo ya banda. "Na hajipambi kwa ajili ya dume."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Umeuliza nani hujipamba, nakujibu. Mashimo mazuri ni machache, baba. Lazima mti uwe mrefu, shimo lisijae maji. Tangu mashamba ya michikichi yaje kuukata msitu ndiyo kabisa. Jike akilipata haondoki, miezi na miezi, maana akitoka tu mwenzake anaingia, na wakipigana humo wanauana. Basi fikiria zamani sana. Aliyekuwa na rangi hafifu hakuonekana mlangoni, wenzake wakamvamia kila siku, mayai yakavunjika. Aliyekuwa mwekundu kidogo alionekana kwa mbali, wenzake wakasema hapa pana mtu, wakapita. Huyo ndiye aliyezaa. Na binti zake waliokuwa wekundu zaidi wakazaa zaidi. Vizazi na vizazi mpaka akawa huyu. Rangi hiyo si ya kumvutia mtu. Ni ya kumfukuza mtu."

"Na kipanga je?" aliuliza kijana mmoja kwenye mkeka, akajuta hapohapo.

"Kipanga akija anarudi ndani hatua moja. Ana nyumba. Dume hana. Dume anazunguka msituni kutwa nzima kutafuta matunda, na yule ambaye hakuwa wa kijani vya kutosha aliliwa zamani. Waliobaki ndio hao mnaowaita wake."

Mwanamke mmoja nje alicheka, kicheko kifupi, akajiziba mdomo kwa kanga yake. Embogo aliinua mkono.

"Umesoma, mjukuu wangu, na umesema vizuri. Lakini hatukuja kumhukumu ndege." Uso wake sasa haukuwa na mzaha. "Oswald ataingia kwenye nyumba ya kaka yangu Jumatatu. Faustina atajengewa jiko nyuma ya nyumba ya Oswald, hatakosa pa kulala. Tumemaliza. Yai hilo litupeni."

Hakuna aliyelitupa. Faustina alichukua kifuu chake na ndege wake akaondoka, na alipopita mbele ya Serah, Serah aliinua macho akamtazama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Alipofika nyumbani hakuingia. Alikwenda kaburini kwa baba yake, akasimama upande wa miguu, mikono kiunoni.

"Na wewe," alisema. "Nilikupakata kama mtoto, nilikuosha, na ulijua. Ulinipa nyumba ukaninyima sababu. Neno moja tu lingetosha, mzee. Ungelisema barazani pale, tukiwatazama pamoja, nani angekusikia? Ulitaka uonekane mkarimu na wenzako waendelee kukuheshimu. Vyote viwili." Alilia, na alilia kwa hasira, kamasi na yote, mpaka taya lililopinda likamuuma. Kisha akafukua kidogo pembeni ya kaburi akalizika lile yai, ili mzee alale nalo.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikishusha kilemba kutoka chini ya paa, akafungua kitambaa. Kilikuwa kizuri, hilo halikataliki, lakini mbele manyoya yalikuwa yameliwa na wadudu, na kilikuwa kikingoja ndege mpya. Faustina alikaa kitako akamnyonyoa kasuku unyoya kwa unyoya. Akayapanga mekundu mbele na ya buluu pembeni, akayashona kwa uzi uleule ambao wanawake wa ukoo huu wamekuwa wakiusokota kwa ajili ya vilemba wasivyoruhusiwa kuvigusa. Vidole vyake vilitulia kabisa. Delma alikuja kumwona, akasimama mlangoni, akaelewa, akakaa chini akamsaidia kutunga sindano.

"Wakikiona kichwani mwako hakuna mwanamume atakayekivaa tena, shangazi."

"Najua."

"Hata mdogo wangu anayetolewa mwezi huu."

"Avae kofia."

Jumatatu walikuja, Oswald mbele, nyuma yake wanaume wa kubeba vyombo, na Embogo mwisho kwa fimbo yake. Njia ya kuja kwa mzee inapinda kwenye migomba halafu inanyooka, na kutoka kwenye ile kona mlango wa nyumba unaonekana wote. Walipopinda, waliuona mlango na aliyekaa mlangoni. Wekundu ule ulionekana kwanza, kabla hawajaona kuwa ni mtu, kabla hawajaona kuwa ni Faustina. Wale wa kubeba vyombo wakasimama palepale kwenye migomba.

Oswald peke yake ndiye aliyesogea, na yeye pia alifika nusu ya ua tu.

"Vua," alisema. "Dada, tafadhali. Umekiharibu."

"Sijakiharibu. Nimekivaa."

"Nitamwambia nini mwanangu?"

"Mwambie ukweli. Siku zote mmekuwa mkimchuna mama mkimwita mume."

Oswald aliwageukia wenzake nyuma ili waje wamtoe, na hakuna aliyeinua mguu. Kilemba kikishakaa kichwani mwa mwanamke, mwanamume akikigusa anapata mkosi. Sheria hiyo waliitunga wenyewe, kizazi juu ya kizazi, wala hakuna mwanamke aliyeombwa ushauri. Ili wamwondoe mlangoni ilibidi wamguse, na manyoya yalikuwa yamemshuka mpaka mabegani. Alikuwa ameyashona marefu makusudi. Embogo aliegemea fimbo yake, akatazama muda mrefu.

Juu ya erima wale wa kijani walikuwa wamekuja tena. Walichungulia shimo tupu, wakaita, na kila mtu uani aliwasikia, na safari hii kila mtu alijua ni akina nani na wanamwita nani.

Kisha Serah akatokea kwenye kona ya migomba. Alikuwa na chungu mikononi, amekibeba kwa majani kisimuunguze. Alipita katikati ya wanaume, akampita Embogo, akampita mumewe bila kumtazama. Oswald alimwita jina. Serah alifika barazani, akapiga magoti, akaweka chungu kizingitini na kukifunua, na mvuke wa magimbi ya nazi ukapanda.

"Kula, wifi," alisema, kwa sauti ambayo wengi pale walikuwa hawajawahi kuisikia. "Utakaa hapo siku nyingi. Kesho nitaleta tena."

Faustina akaosha mikono, akala, na kilemba hakukivua.